Mkono Usioachia

Kijiko hakikuanguka.

Hicho ndicho kilichonitoa jasho siku ile ya Jumapili, mchana kweupe, mezani kwa watu. Kaka wa mchumba wangu alikuwa ameganda katikati ya sentensi. Macho wazi, mwenyewe hayumo. Supu ilitiririka kutoka kwenye kijiko ikaingia kwenye mkono wa shati lake jeupe, na vidole badala ya kulegea vikazidi kukibana kile kijiko mpaka kucha zikawa nyeupe. Moja. Mbili. Tatu. Nilihesabu kimoyomoyo, nikiomba kianguke. Anguka basi. Nne. Tano.

Mama yao hakuona kitu. Alikuwa amegeukia sufuria, akinisema.

"Mimi sina neno na daktari. Daktari ni mtu mkubwa. Ila nauliza tu, mke ambaye simu ikilia anaondoka, mumewe atakula kwa nani?"

"Mama, mimi nina mikono," alijibu mchumba wangu. "Kwani hii ni ya mapambo?"

Na pale pale, huku akicheka, mkono wake wa kulia ulivuka meza bila yeye kuutazama, ukamshika kaka yake kifundo cha mkono, ukaushusha taratibu kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, mpaka kijiko kikagusa bakuli. Aliendelea kutaniana na mama yake. Sita, saba, nane.

Kwenye tisa, kaka mtu akapepesa macho.

"...ndiyo nikamwambia msimamizi, hii mashine naijua kuliko mkeo anavyokujua!" akamalizia, palepale alipokuwa ameachia.

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, meno yakiwa baridi mdomoni.

Wanaume hawa wawili, jina walilopewa kazini ndilo linalotumika hata nyumbani. Kaka anaitwa Winchi, kwa sababu miaka ishirini sasa anakaa juu ya kreni za majengo, kwenye kile kibanda kidogo cha kioo, akiinua vyuma na zege kama mtu anayenyanyua kikombe. Mdogo wake, huyu aliyenivuruga akili yangu yote, anaitwa Mikono. Yeye husimama chini na kumwongoza kaka yake kwa ishara: pandisha, teremsha, kushoto, taratibu. Kelele za pale hazimruhusu mtu kusikia hata jina lake, kwa hiyo wawili hawa huongea kwa mikono kutwa nzima. Nilimpenda kwa ile mikono. Siku ya kwanza alikuja kwenye kituo changu cha afya na kidole kilichopasuka, nikamshona nyuzi sita, akanieleza kazi yake kwa mkono mmoja uliobaki. Nilipomaliza kushona nilikuwa nimekwisha.

Na nilichokuwa nakijua mimi, kikinikaa kooni kama mfupa, ni cha Jumanne iliyotangulia.

Jumanne ile Winchi alikuja chumbani kwangu kituoni, wa mwisho kwenye foleni, kofia mkononi.

"Shemeji, leo si shemeji," alisema. "Leo ni daktari. Nikikwambia kitu, kinaishia hapa?"

"Kinaishia hapa," nikamjibu. Nilijibu haraka, kama mtu anayejibu salamu.

Akanieleza. Miezi minane alikuwa anazimika. Haanguki, hatoi povu, anaondoka tu kidogo na kurudi, kama taa ya umeme mbovu. Nikampima, nikamuuliza ya kuuliza, nikampa dawa za kuanzia na barua ya kwenda kupimwa kichwa. Nikamwambia asipande tena kreni. Akanitazama kwa huruma, mimi nisiyejua kitu.

"Daktari, ile mashine ina kishikio. Ukikibana, mzigo unakwenda. Ukikiachia, unasimama wenyewe. Waliotengeneza walishafikiria mtu anaweza kufa kule juu. Kwa hiyo nikizimika mkono unalegea, mzigo unasimama, narudi, naendelea. Nani ataumia? Nipe wiki mbili tu, nitawaambia mwenyewe."

Nikampa wiki mbili. Angekuwa mtu nisiyemjua ningempa siku moja. Nilimlegezea kwa sababu ni shemeji, kwa sababu nilitaka familia ile inipende, na ukweli huo niuandike hapa mwenyewe kabla hajauandika mwingine.

Sasa kijiko. Mtu huyu akizimika haachii. Anabana.

"Kesho kuna nini kazini?" niliuliza, kama mtu anayetafuta mazungumzo.

"Boriti!" Winchi alijibu kwa furaha. "Kumi na nne, za ghorofa ya saba. Siku kubwa. Saa moja kamili kitu cha kwanza kinaruka."

"Na wewe utakuwa wapi?" nilimgeukia Mikono.

"Nitakuwa wapi tena? Chini yake."

* * *

Nina kumbukumbu mbaya, yaani nzuri kupita kiasi. Nilikuwa na miaka tisa baba yangu alipofunikwa na mawe machimboni. Aliyetega baruti jicho lake moja lilikuwa halioni, na daktari wa machimbo alikuwa anajua mwaka mzima. Mama alikwenda kumuuliza, nami nimemshika upindo. Kabati la mafaili lilikuwa la kijivu, na lilikuwa na alama ya kutu umbo la sikio. Yule daktari hakuinuka kitini. "Mama," alisema, "siri ya mgonjwa ni siri." Akarudi kwenye chai yake. Miaka mingapi imepita, na ningekutana naye leo ningemwambia hata rangi ya ile birika. Kilichoniuma si kwamba alitunza siri. Kilichoniuma ni kwamba aliitunza bila kupata shida hata kidogo.

Nilisomea kazi hii ili nisiwe yeye. Na sasa nilikuwa nimekaa mezani, nakunywa supu.

* * *

"Umeona," Mikono alisema. Tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta. Hakugeuka.

"Nimeona nini?"

"Dokta, usinifanyie hivyo. Ulikuwa unahesabu. Midomo ilikuwa inacheza."

Nikaifuta tena sahani iliyokwisha kukauka.

"Amekuja kwako?"

"Nani?"

"Kaka."

"Siwezi kukwambia nani kaja kwangu na nani hakuja. Hata ungekuwa mume wangu wa miaka thelathini."

"Basi kaja."

"Sikusema hivyo. Hata kama hajaja, jibu ningekupa hilo hilo."

Akacheka kidogo, bila raha. "Huko mnasomea udaktari au uwakili?"

Sikucheka. Akafunga bomba, akajikausha mikono kwenye suruali, na nikamwona kwa mara ya kwanza akikosa pa kuiweka.

"Mwanzo nilidhani ni usingizi," alisema kwa sauti ya chini. "Nampigia ishara, teremsha, teremsha, naye kimya. Mzigo unaning'inia. Halafu anarudi, anashusha kama hakuna kitu. Nikaanza kuhesabu. Mara nne kwa wiki. Mara saba. Wiki iliyopita kumi na moja. Siku hizi mzigo ukiruka nawafukuza watu wote, nasimama mwenyewe."

"Peke yako. Chini ya mzigo."

"Sasa nimweke nani, Dokta? Mtoto wa nani?"

Ningempiga. Ningembusu. Nilishika kingo za meza.

"Akizimika, mkono wake unaachia?"

"Unaachia. Ndivyo mashine ilivyo, ukilegea tu..."

"Sikukuuliza mashine. Nimekuuliza mkono wake. Pale mezani ulipomshusha, ulikuwa umelegea?"

Akautazama mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, kana kwamba ndio ungemjibu.

"Ulikuwa mgumu," alisema polepole. "Kama mti. Nilitumia nguvu."

"Kijiko kilianguka?"

Sijawahi kuona woga ukimwingia mtu hivyo. Ulianzia machoni, ukashuka, akaegemea ukuta.

"Lakini kila mara mzigo huwa umesimama," alisema. "Hajawahi kuzimika ukiwa unakwenda."

"Bado."

Akanisogelea, akanishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya sabuni. Macho yake yalikuwa yamejaa. Mungu wangu, mtu huyu nilivyompenda.

"Usimwambie mtu. Nakuomba. Huyu ndiye aliyenilea. Baba alipoondoka yeye alikuwa na miaka kumi na sita, akaacha shule, akabeba zege ili mimi nivae viatu. Kile kiti cha kule juu ndicho utu wake. Ukimshusha umemzika."

"Na wewe nikuzike wapi?"

"Dokta..."

"Nijibu. Mimi nitakaa wapi siku hiyo? Upande wa ndugu, au kwa kuwa bado hujanioa nitasimama nje ya uzio?"

Akaniachia uso.

"Kesho nitakuwa mwangalifu zaidi."

"Mwangalifu wa nini? Boriti inasikia?"

"Ukisema," alisema, na sauti ikamkatika, "mama hatakupokea tena humu ndani. Na mimi... sijui. Sijui nitakutazamaje."

Hapo wazo likanijia, na lilikuwa tamu: sema uliyoyaona mezani. Ulikuwa mgeni tu, na mezani hakuna faili. Nilikaa nalo dakika nzima. Lakini bila aliyoniambia Winchi Jumanne nisingehesabu chochote. Ningedhani ni mtu anayewaza. Kama ningevunja siri, niivunje huku nikijua naivunja, na nijibu nitakapoulizwa. Wa kuambiwa kwanza alikuwa yule mwenye siri.

* * *

Winchi alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapiga brashi viatu vya kazi.

"Karibu, shemeji."

"Leo si shemeji," nilisema.

Brashi ikasimama.

"Uliniambia mkono unaachia."

"Unaachia."

"Tazama mkono wa shati lako."

Akautazama. Doa la supu lilikuwa limefika kiwikoni, limeshakauka. Aliligusa kwa kidole, akalinusa, na nikamwona mtu mzima wa miaka arobaini na tatu akitafuta kumbukumbu asiyokuwa nayo.

"Hii imetoka wapi?"

"Ulizimika sekunde tisa. Kijiko hukukiachia. Ulikibana mpaka kucha zikawa nyeupe. Kingekuwa kile kishikio, mzigo ungekuwa unakwenda, sekunde tisa, na hakuna mtu juu."

Nguo zilizoanikwa zilikuwa zikipigwa na upepo.

"Nani mwingine kaona?"

"Hilo si langu kusema."

"Hee. Kumbe siri unaijua."

"Naijua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Kesho kabla ya saa moja mwambie msimamizi mwenyewe. Sema unaumwa, sema chochote, ila usipande. Ukipanda nampigia simu. Nakwambia leo, machoni, ili usije ukasema nilikuchongea kisogoni."

Alisimama. Ni mtu mrefu. Nililazimika kuinua kichwa.

"Uliniambia kinaishia hapa."

"Nilikwambia, na nilikosea. Nilitakiwa nikwambie tangu mwanzo: kinaishia hapa mpaka siku kitakapotaka kumuua mtu."

"Na utawaambia nini? Kifafa?" Neno lile alilinong'ona, akitupa jicho dirishani kwa mama yake.

"Jina la ugonjwa halitatoka kinywani mwangu. Nitasema mtu huyu asipande. Basi."

"Watajaza wenyewe."

"Watajaza," nilisema. Sikutaka kumdanganya mara ya pili.

"Unajua wanavyofanyiwa watu wa neno hilo? Wanatengewa vikombe, Daktari. Vikombe! Watoto wanaambiwa wasikae karibu. Mimi niliyejenga nusu ya maghorofa ya mji huu, nikatengewe kikombe?"

"Najua. Hauambukizi, na wanajua hauambukizi, na bado wanatenga. Nitagombana nao mmoja mmoja, na majina yao nayaweka. Lakini hilo nitaligombania na wewe ukiwa chini na mdogo wako akiwa hai."

Aliposikia *mdogo wako*, kitu kilimpita usoni. Akakifukuza.

"Mkono unaachia," alisema. "Wewe ulitazama vibaya."

Mlango ukalia. "Mnanong'ona nini huko?" mama akauliza.

"Daktari ananishauri viatu, Mama."

"Afadhali. Angalau viatu havipigi simu usiku."

* * *

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye lango la jengo, simu mkononi. Boriti zilikuwa zimepangwa chini kama maiti za majitu. Mikono alikuwa ameshaingia, amevaa kile kizibao chake cha rangi kali. Aliniona. Hakunipungia. Mikono yake ilikuwa mifukoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Winchi akafika, akanipita kama nguzo. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ya kazi iliyomkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa. Nikashika pumzi. Mwambie. Nakuomba, mwambie. Waliongea. Msimamizi akampiga bega, wakacheka.

Winchi akageuka, akaweka mguu kwenye ngazi ya mnara.

Nikapiga ile namba ya msimamizi iliyoandikwa kwenye bango la langoni. Hatua thelathini mbele yangu, msimamizi akatoa simu mfukoni.

"Haloo, nani?"

"Mtu anayepanda kreni yako asipande."

"Kwa nini?"

"Kwa nini, sina ruhusa ya kukwambia. Asipande."

"Dada, nina boriti kumi na nne na lori mbili zinasubiri. Nikimshusha mtu kwa kila simu, jengo hili litamaliziwa na wajukuu."

"Mimi ni daktari." Sauti ilikuwa inatetemeka, nikaiacha itetemeke. Nikamtajia jina langu kamili na kituo changu. "Andika. Ukimwacha apande, mimi nimeshasema na wewe umeshasikia. Hutaweza kusema hukujua."

Akageuka, akaniona langoni. Nikamwona akielewa kwamba mambo haya yana mashahidi. Akaanza kukimbia, akipiga kelele, lakini mashine ya kukoroga zege ilikuwa imeshawashwa na sauti yake ilimezwa. Winchi alikuwa juu, kama ghorofa ya pili, anapanda bila haraka, mtu anayekwenda nyumbani kwake.

Basi nikamtazama Mikono. Sikumwita. Nisingesikika, na hata ningesikika, sikuwa na haki ya kumwomba. Alinitazama mimi, akamtazama kaka yake, akatazama ule uwanja mtupu katikati, mahali pake pa kusimama.

Akatoa mikono mifukoni. Akaenda mpaka mahali pale, akapiga mluzi mmoja mkali, na Winchi alipotazama chini, Mikono akainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuipishanisha kama msalaba.

Ishara ile aliwahi kunifundisha, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza, tukicheka. *Hii, Dokta, ni simamisha kila kitu. Hata kama jengo ni la baba yako.*

Miaka ishirini Winchi hakuwahi kuikaidi. Alisimama. Nilimwona akisubiri mdogo wake aishushe, abadilishe, aseme ni utani. Mikono haikushuka. Na kule chini uso wa Mikono ulikuwa umelowa machozi, na kaka yake aliuona, na akajua kwamba mdogo wake anajua, na alijua siku zote.

Winchi aliegemeza paji la uso kwenye chuma. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilihesabu, kwa hofu ileile, lakini safari hii alikuwemo. Alikuwa analia.

Kisha akashuka, ngazi moja moja.

Alinipita langoni. "Nimeshuka mwenyewe, Daktari," alisema, midomo ikimcheza. "Kwenye faili lako andika hivyo."

"Nitaandika hivyo."

Hakuniita shemeji. Labda ataniita tena, labda hataniita. Nilivuka lango.

"Kofia! Weye dada, kofia!" msimamizi alipiga kelele. Sikusimama.

Mikono alikuwa bado pale katikati, mikono juu, imepishana, macho mbele. Hakuna tena aliyekuwa ngazini. Nilimshika kifundo cha mkono. Kilikuwa kigumu kama mti. Nikaushusha taratibu, kama alivyofanya yeye mezani, na ule mwingine ukafuata, nikaishika yote miwili kifuani kwangu. Ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi.

"Usiniongeleshe leo," alisema bila kunitazama.

"Sikuongeleshi."

Nikajaribu kumwachia. Vidole vyake vikabana.

"Lakini usiondoke."